Disketi Yenye Jina la Mwalimu

Miaka ile ya tisini, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, Mwanza ililewa majina. Ukishuka Nyamagana asubuhi ungedhani umefika ng'ambo bila pasipoti. Saluni yenye kiti kimoja na kioo chenye ufa iliitwa Nyu Yoku. Kibanda cha viberiti na mafuta ya taa kilikuwa Intaneshino. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya serikali, mdomo wangu hauna breki, na kila siku nilifika kazini na jina jipya la kuwachekesha wenzangu. Siku moja niliwaambia kwamba nimetafuta duka la chumvi mpaka miguu ikauma, kumbe nilikuwa nikipita mbele yake, maana juu ya mlango fundi rangi alikuwa ameandika jina la mji wa Marekani. Wote walicheka isipokuwa Mwalimu. Yeye aliuliza, kwa hiyo chumvi nilinunua wapi. Nikamjibu sikununua. Akatikisa kichwa na kurudi kwenye kompyuta yake.

Mwalimu ndiye mwanamke aliyekuwa bingwa wetu wa takwimu. Tulimwita hivyo kwa sababu kabla ya kuja kwetu alifundisha hisabati sekondari, na ile sauti ya darasani alikuja nayo. Kituo chetu kilikuwa cha utafiti wa samaki, jengo refu lenye bati jekundu, karibu na maji kiasi kwamba wakati wa kiangazi hata karatasi zangu za kaboni zilinuka dagaa. Chini yetu kulikuwa na vituo vidogo kwenye mialo, yaani pale mitumbwi inapoteremsha samaki, kuanzia upande wa Sengerema ng'ambo ya ghuba hadi huku Magu. Kila kituo kidogo kilikuwa na bwana samaki wake, na bwana samaki alikuwa na ubao wa kupimia. Alimlaza sangara juu ya ubao, akasoma urefu wake, akatuletea vipimo Mwanza.

Wakati huo viwanda vya minofu vilikuwa vimeota ufukweni, minofu inapanda ndege na sisi tunabaki na mapanki, yale mafupa na vichwa. Sina ugomvi na mapanki, nimeyala sana na yana utamu wake. Lakini kila mtu aliuliza swali moja, kuanzia wavuvi hadi wakubwa wa wizara: hawa sangara tunaowavua, wanapata nafasi ya kukua, au tunawamaliza wakiwa wachanga? Ukitaka kujibu lazima ujue umri wao, na umri hukadiriwa kutokana na urefu. Hesabu yake ni ndefu na ya kuchosha. Mwalimu aliifanya kwa mkono, kwa ajili ya vituo vyote, na jibu lilipotoka samaki wenyewe walikuwa wameshaliwa zamani.

Ndipo alipoandika programu. Vituo vidogo vilikuwa vimepewa kompyuta moja moja za mitumba, zenye vioo vya kijani, na nyingi zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama redio za wageni sebuleni. Mwalimu alitaka bwana samaki aandike vipimo vyake mwenyewe, palepale mwaloni, na apate jibu siku ileile. Nilimwona akihangaika nayo asubuhi baada ya asubuhi, akiwahi kabla umeme haujakatika, akifuta na kuandika upya, akizungumza na mashine kwa ule ukali wa kumfukuza mtoto ubaoni. Hakuna aliyemtuma. Nampenda mtu wa namna hiyo mpaka leo, anayefanya kazi ngumu kwa kuwa imemkera kuiona haijafanywa.

Ilipokamilika, akakataa kuifunga. Wataalamu wa kompyuta waliopita ofisini walimshauri aweke kufuli ndani yake, ili mtu asione ilivyoandikwa wala asiinakili bila ruhusa. Mwalimu aliwasikiliza kwa adabu, halafu akaweka maandishi yote ya ndani kwenye disketi ileile, na maelezo kwamba kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuinakili, kuirekebisha na kumpa jirani yake. Siku hizi jambo hilo lina jina lake, programu huria. Siku zile tuliona ni ukarimu tu, na wengine waliona ni uzembe.

Jambo lililotukaa rohoni lilikuwa mkutano. Baada ya mvua za masika, vituo vyote vya ziwa, pamoja na vya nchi jirani, vingekutana Mwanza kuchagua programu moja ya kutumiwa na wote. Ilikuwepo nyingine iliyotoka ng'ambo, ndani ya boksi linalong'aa, yenye kufuli. Huenda ilikuwa nzuri, sijui, lakini ikikugomea ulipaswa kuandika barua nje ya nchi na kusubiri. Wajumbe wangeuliza swali la kawaida kabisa: nani ameshaitumia ipi? Kama hadi siku hiyo hakuna kituo kilichotumia ya Mwalimu, yake ingeingia kabatini. Nilimuuliza kama hilo likitokea atafanya nini. Alinijibu bila kuninyanyulia macho.

"Hii ikizikwa sitaandika nyingine. Sina tena nguvu ya kuanza."

Kabla hajaipa jina, mama yake akaugua, akalazwa hospitali ya Sengerema. Mwalimu akavuka na kivuko siku hiyohiyo, mkoba mmoja na kanga. Kwenye kompyuta programu ile ilikuwa bado inaitwa Jaribio.

Sasa hapa ndipo anapoingia Mkuu wetu wa kituo. Alikuwa mtu mrefu, mkarimu, mpenda sherehe, na moyo wake ulikuwa mweupe. Nasema hivyo mapema ili asichukiwe. Alituita akasema kwamba Mwalimu ametufanyia jambo kubwa, na jambo kubwa hupewa jina la mtu mkubwa. Barabara tumezipa majina ya watu, shule tumezipa, viwanja vya mpira tumevipa. Kwa nini isiwe programu? Akirudi kutoka kumuuguza mama yake atakuta jina lake limezunguka ziwa zima. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga chapa lebo za disketi kwa raha zote, jina lake kamili kwa herufi kubwa, cheo chake na shahada yake, na hakuna neno jingine. Mkuu mwenyewe alizitia disketi kwenye bahasha za kaki, akazigonga muhuri wa ofisi kila kona, zikaondoka na boti na malori kwenda vituoni.

Kisha kukawa kimya. Mabwana samaki wetu walikuwa watu wa kuuliza. Kila asubuhi, kwenye simu ya upepo tuliyotumia kuwasiliana nao, waliuliza penseli, wakauliza betri, wakauliza lini watabadilishiwa godoro. Kuhusu disketi, hakuna aliyeuliza neno. Mkuu alisema hiyo ni dalili njema, kwamba programu ni nyepesi kiasi cha kutohitaji maswali. Nami nilimwamini.

Ofisi ikanituma Sengerema kumjulia hali mgonjwa. Nilikwenda na machungwa, sukari na salamu za watu wote. Mama yake alikuwa ameanza kupata nafuu, amekaa kitandani anauliza kwa nini chungwa la Mwanza lina mbegu nyingi. Tulikuwa tunacheka hivyo pale wodini alipoingia bwana samaki wa Sengerema, mtu mzima, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Alimwamkia mgonjwa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akampa pole Mwalimu. Halafu akatoa kwenye mfuko wa plastiki kitu kilichofungwa ndani ya kitambaa cheupe, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mwalimu, mzigo wako ulifika kwangu," alisema. "Niliposikia uko hapa nikaona nikuletee. Umekaa salama, nimeufungia kabatini na ufunguo natembea nao."

Mwalimu akafungua kitambaa. Ilikuwa bahasha ya kaki yenye mihuri kila kona. Akaichana, akatoa disketi, akasoma lebo niliyoipiga kwa mikono yangu. Akamuuliza kwa upole kama aliifungua. Yule mzee alishtuka waziwazi.

"Nifungue kitu cha mkubwa wangu, kina jina lake? Mimi sikulelewa hivyo."

Nilitamani sakafu ya wodi inimeze. Maana nilielewa palepale, na nilijua haikuwa Sengerema peke yake. Ni nani katika watu wetu angefungua bahasha yenye jina la bosi, na cheo chake, na muhuri? Anayefungua ni mdaku. Mtu mwenye adabu huitunza, na kadiri anavyokuheshimu ndivyo anavyoitunza zaidi. Jina lile halikumwambia mtu yeyote kwamba ndani mna kazi ya kupima samaki. Lilimwambia tu hiki ni cha nani. Tungezipeleka kwa watu wasio na heshima, labda wangezitumia.

Nilitegemea Mwalimu akasirike. Alimshukuru yule mzee kwa kumtunzia mzigo, akamuuliza habari za watoto, akamsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi akaketi kwenye ukingo wa kitanda na kufunika uso kwa kanga. Mama yake aliniuliza kwa Kisukuma kuna msiba gani. Nikamjibu hakuna msiba, ni kazi tu.

Alirudi Mwanza baada ya mama kuruhusiwa, na mvua zilikuwa zimeshaanza. Mkuu alimpokea mlangoni kwa tabasamu, akisubiri shukrani. Mwalimu alimwomba waingie ndani, mlango ukafungwa nusu, nami sikuhitaji kutega sikio kwa sababu, kama nilivyosema, ile sauti ya darasani hakuiacha.

"Mzee, umenipa heshima kubwa na nimeipokea," alisema. "Lakini mtu mwenye samaki mkononi hanihitaji mimi. Anahitaji kujua hicho kitu kitamfanyia nini. Jina limwambie hilo, basi."

Mkuu aliumia, nilimwona alipotoka, amepoteza kimo chake chote. Lakini nitamsifu kwa hili, hakununa. Kesho yake alikuja na majina mengine kwenye karatasi, yote mazuri ya kuandikwa kwenye bendera: Nuru ya Ziwa, Hazina, Nguzo. Mwalimu hakuyakataa. Alisema tuyapeleke kwa wenyewe.

Asubuhi hiyo akakaa mwenyewe kwenye simu ya upepo, vituo vyote vikisikiliza. Kwanza aliwaambia wafungue zile bahasha, ni amri, na hakuna atakayeonekana mdaku. Kisha akawaambia atataja jina, na kila mmoja amjibu anadhani kitu chenye jina hilo kinafanya kazi gani. Hakutaka kujua kama wanalipenda. Alianza na Nuru ya Ziwa. Mmoja alidhani ni taa ya karabai, mwingine akasema ni kwaya, na kama ni kwaya anaomba kanda. Hazina wote walikubaliana kwamba ni mambo ya mishahara, wakataka kujua kama imeshatoka. Nguzo walidhani ni habari ya kujengewa ofisi mpya, na hapo furaha ilikuwa kubwa mpaka ikabidi izimwe. Nilicheka hadi nikashikilia meza. Mkuu naye mwishowe akacheka, kwanza kidogo, halafu akatoa leso.

Mwalimu alipoona majina yamekwisha, akamwita yule mzee wa Sengerema. Akamwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe, samaki akiwa juu ya ubao, anakuwa na nini na anatafuta nini. Mzee akajibu bila kufikiri sana kwamba urefu anao, anatafuta umri. Mwalimu akaandika. Mkuu, ambaye sasa alikuwa amenogewa, akasema basi tumepata, tuiite Umri wa Samaki, fupi na tamu.

Mimi ningekubali pale na kwenda kunywa chai. Mwalimu alikataa. Alisema samaki hana cheti cha kuzaliwa, na programu yake haijui umri wa samaki yeyote, inakadiria. Bwana samaki akiamini kwamba imejua, ataandika jibu kana kwamba ameliona kwa macho, wizara nayo italitangaza hivyohivyo. Jina lisiahidi zaidi ya kile kilichomo ndani. Mkuu aliona neno hilo la kukadiria linaitia programu unyonge, linaonyesha shaka mbele ya wageni. Walibishana kwa muda mrefu, na kwa heshima, na nilipenda kuwasikiliza, kwa sababu nje ya dirisha lile mji mzima ulikuwa unajiita kwa majina makubwa kuliko nyumba zake. Humu ndani mwanamke mmoja alikuwa anapigania jina la programu yake lisizidi kazi yake hata kidogo.

Ikawa Kadirio la Umri wa Samaki. Kompyuta za wakati ule hazikukubali jina la faili lenye herufi zaidi ya nane, kwa hiyo ndani ya disketi tuliandika KADIRIO. Nikapiga lebo mpya. Nilimuuliza nimwekee jina lake pembeni, hata kwa herufi ndogo. Akasema hapana, amelitia kwenye mstari wa kwanza wa maandishi ya ndani, atakayefungua atalikuta. Safari hii Mkuu aliziweka disketi kwenye bahasha bila muhuri hata mmoja, na aliacha zote wazi.

Maswali yakaanza kumiminika kwenye simu ya upepo. Mmoja aliuliza kwa nini jibu limemjia na desimali, mwingine kwa nini sangara wake mkubwa amekataliwa. Mwalimu aliwajibu wote, siku nyingine akiwa bado na mwavuli mkononi. Kisha maswali yakapungua, safari hii kwa sababu nzuri. Tukasikia kwamba mabwana samaki wananakiliana disketi mialoni bila kutuarifu, na hatukujua zimefika wapi.

Siku ya mkutano nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao. Ukumbi ulijaa, wengi hatukuwajua. Mwalimu alikaa nyuma karibu nami na daftari lake, amevaa gauni la kawaida. Lile boksi linalong'aa lilikuwa mezani mbele. Tulipotoka kunywa chai, mwanamume mmoja wa makamo aliyetoka upande wa Musoma, ambako hatukuwa tumetuma disketi hata moja, alisimama jirani yetu na kikombe chake. Akamuuliza Mwalimu anafanya kazi wapi na kama kituo chao kimeshaanza kukadiria umri kwa kompyuta. Mwalimu akasema wanajaribu.

Basi yule bwana akaweka kikombe chini akaanza kumfundisha. Alimweleza kwamba ipo programu moja, jina lake tu linatosha kukueleza, huhitaji mtu wa kukushika mkono. Unaiandikia urefu, inakukadiria umri. Akamwonya asije akasahau kwamba ni kadirio, maana wapo wanaotangaza kana kwamba ni kweli kamili. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kwa makini kama mwanafunzi wa mbele. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia yule bwana anaongea na nani. Mwalimu akanikanyaga mguu, na hakukanyaga kwa mchezo.

"Nani aliitengeneza?" alimuuliza.

"Hilo sijui, mama. Mimi nilipewa na jirani." Akapapasa mfuko wa koti. "Ninayo ya ziada hapa. Chukua, nawe ukampe mwingine."

Mwalimu akaipokea kwa mikono miwili. Lebo ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa mtu aliyejitahidi: Kadirio la Umri wa Samaki. Aliishika akaitazama, na mimi nilijifanya natafuta sukari, kwa sababu machozi yalikuwa yamenijaa.

Baada ya chai mwenyekiti aliuliza ni vituo gani vimeshaitumia programu ipi. Mikono iliyonyooshwa kwa ajili ya Kadirio ilikuwa mingi kiasi kwamba wale waliokaa na boksi mezani walianza wenyewe kulisogeza pembeni. Mkuu wetu alipiga makofi kuliko mtu yeyote ukumbini.

Jioni, tulipokuwa tunafunga ofisi, Mwalimu akaiingiza ile disketi kwenye kompyuta na kufungua maandishi ya ndani. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina lake. Chini zaidi, mahali pa hesabu za sato, samaki mwingine wa ziwa letu, kulikuwa na mistari ambayo si yake. Mtu fulani, katika kituo fulani, alikuwa ameona kosa na kulirekebisha, akaacha maelezo mafupi ya sababu. Mwalimu alisoma mara ya kwanza, akasoma tena, akachukua penseli na kufanya hesabu pembeni mwa gazeti.

"Kumbe hapa nilikosea," akasema, na kicheko chake kilisikika mpaka kwa mlinzi getini.

Tangu siku hiyo disketi yake ya kwanza ilikaa kwenye droo ya meza. Aliyoitumia kazini, mpaka anastaafu, ni ile aliyopewa wakati wa chai.